Ngoma Ilipoingia Chini ya Paa

Kwa vizazi vingi Usukuma haukuhitaji ukumbi wa burudani. Mbina, yaani ngoma, ilichezwa uwanjani, vumbi likitimka, baada ya mtama na pamba kutoka shambani na kabla wingu la kwanza la vuli halijarudi. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mpaka leo hugawa mashabiki nyumba kwa nyumba, walishindana kiangazi. Mvua ilipoanza, wacheza ngoma walishika majembe na uwanja ukageuka malisho. Hakuna aliyetafuta ndoo ya kukinga matone katikati ya wimbo, maana hapakuwa na paa la kuvuja.

Kalenda hiyo haijafa. Bulabo ya Bujora, sikukuu kubwa kuliko zote za ngoma za Wasukuma, hufungamana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia mwisho wa Mei au mwezi Juni. Tamasha la Sanjo ya Busiya, kule Ukenyenge wilayani Kishapu, ni la Julai. Nane Nane, ambayo mwaka 2018, 2019 na 2020 ilifanyika kitaifa Nyakabindi mkoani Simiyu, imebeba Agosti ndani ya jina lake. Maonesho ya teknolojia ya madini ya Geita, yaliyoanza 2018, huangukia Septemba na Oktoba, na hayo peke yake ndiyo yanayogusa ukingo wa mvua.

Kilichobadilika ni majengo na likizo. Makumbusho, kumbi za harusi, vibanda umiza vya kuonyeshea mpira, migahawa ya kuezekwa kwa nyasi, viwanja vya watoto vyenye bembea na majumba ya kurukia yanayojazwa upepo: hivi vyote havikunjwi Novemba ikifika. Vinasimama palepale na mvua inavikuta. Tena wateja huja kwa wingi wakati ulio mgumu kuliko wote, kwa kuwa shule hufungwa Desemba, Krismasi na Mwaka Mpya hufuatana, na mzazi aliyepata likizo mgodini anataka kuwatoa watoto. Starehe imeenea kutoka kiangazi mpaka msimu wa mvua, lakini utunzaji wa paa haujaenea nayo. Ndiyo maana, katika ukanda wa Shinyanga na Geita, kuvuja kwa mahali pa burudani ni suala la tarehe kabla ya kuwa suala la bati.

Didia ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili kwa sababu hapana kitu cha ajabu. Ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, kwenye njia ya Shinyanga mjini kwenda Tinde, ya wakulima na wafugaji, yenye shule ya Wasalesiani wa Don Bosco, shirika ambalo popote liendapo huweka uwanja wa vijana kucheza. Mvua huanza Oktoba au Novemba, hulegea kidogo katikati ya msimu, kisha hurudi mpaka Aprili au Mei. Jumla ya mwaka mkoani Shinyanga kwa kawaida ni kati ya milimita 600 na 900. Kwa kipimo cha pwani hiyo si mvua nyingi. Ubaya wake ni haraka: sehemu kubwa hushuka kwa ngurumo na upepo, kwa saa moja au mbili, baada ya miezi mitano ya jua lililokausha kila kitu. Paa linaloweza kuvumilia manyunyu ya siku tatu huweza kushindwa na dakika ishirini za namna hiyo. Ukumbi wenye paa la mita za mraba 200 ukipigwa na milimita 50 hupokea lita 10,000, na zote zinatafuta njia ya kushuka kwa wakati mmoja.

Kabla ya kupanda juu ya paa, inafaa kuanzia chini kabisa, kwa sababu mivujo mingi ya ukanda huu huzaliwa ardhini. Wasukuma wameupa udongo majina kwa jinsi unavyoshuka kutoka kilimani: luseni wa kichanga juu, itogolo mgumu katikati, mbuga mweusi bondeni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga, miaka ya 1930, aliingiza katika sayansi ya dunia wazo la mnyororo wa udongo unaobadilika kutoka kilimani hadi bondeni, na Afrika Mashariki ndiyo iliyompa mifano. Mkulima wa Didia anaujua mnyororo huo kwa jembe. Mwenye kujenga ukumbi mara nyingi hujifanya haujui, kwa kuwa kiwanja cha mbuga ni tambarare na hakina mawe ya kuvunja.

Mbuga hunyonya maji ikavimba; ikikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na haiinuliwi sawasawa: kona iliyo karibu na mfereji hupanda, kona ya kivulini hubaki. Ufa wa kwanza hutokea kwenye pembe ya dirisha, ukipanda kwa mshazari. Kisha lenta inapinda, kenchi zinafuata, kofia ya paa inafunguka, na mfereji wa bati ulioelekezwa kwenye tangi unaanza kumwaga upande wa pili, ukutani. Fundi akiitwa huziba kofia. Mwaka unaofuata huitwa tena. Methali ya kuziba ufa ni ya kweli kwa ukuta uliosimama juu ya luseni. Juu ya mbuga, plasta mpya haifiki hata msimu mmoja. Dawa iko nje ya nyumba: kuondoa udongo mweusi chini ya msingi na kujaza moramu iliyoshindiliwa, kuzungushia ukuta sakafu ya zege yenye mteremko, kupeleka maji ya paa mbali na msingi, na kutopanda mti mkubwa karibu na ukuta. Kazi hizi hazionekani kwa mgeni na hazipigwi picha siku ya uzinduzi, kwa hiyo ndizo za kwanza kukatwa bajeti ikipungua.

Sasa bati. Watu hulilaumu kwa wembamba wake, na ni kweli geji 32 hujikunja zaidi chini ya mguu wa fundi kuliko geji 28. Lakini maji ni nadra kupita katikati ya bati. Hupita kwenye tundu la msumari, kwenye mlalo wa bati juu ya bati, kwenye kofia, na mahali paa linapokutana na ukuta. Jua la Shinyanga hulifanyia bati kazi kila siku: bati la chuma la urefu wa mita 10, likipata moto wa nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, hurefuka karibu milimita 5, na usiku hurudi. Msumari hauhami. Kwa hiyo tundu hupanuka, raba ya msumari hukauka na kupasuka, na baada ya kiangazi cha pili au cha tatu kila msumari umekuwa mlango mdogo. Mteremko ukiwa mdogo, kama ulivyo kwenye kumbi nyingi zilizopauliwa kwa kubana mbao, upepo wa dhoruba huyasukuma maji kupanda juu ya mlalo na kuingia ndani.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kumwita fundi aje azibe pale tone linapodondokea. Maji yakiingia juu hutambaa kwenye papi au kwenye uso wa chini wa bati, wakati mwingine mita kadhaa, mpaka yakutane na fundo au kichwa cha msumari ndipo yaanguke. Doa la kahawia lililochora ramani kwenye dari ni mwisho wa safari; mwanzo wake uko kwingine. Mafundi wazoefu hulitafuta tundu kwa mpira wa maji siku ya jua: mmoja juu ya paa anamwagia kuanzia chini, kipande baada ya kipande, akipanda polepole; mwingine yuko darini na chaki na tochi, akiita mara tu anapoona unyevu. Kuanzia chini ndiyo siri yenyewe, maana ukianzia juu maji hushuka na kukudanganya. Kazi hiyo humaliza asubuhi nzima. Kupaka lami au silikoni juu ya kutu huchukua dakika tano, na hubanduka kabla ya Pasaka.

Maeneo ya burudani yana tatizo lake la pekee, na hapa ndipo yanapotofautiana na ghala au darasa. Mahali pa starehe hutaka sura. Mgeni hatozwi kiingilio aje aone paa la mgongo wa kawaida. Anataka ngome, mnyama, kibuyu, kiti cha mfalme. Na kila sura huongeza viungo. Paa la kawaida lina kiungo kimoja kikubwa, kofia. Weka mnara mmoja juu yake na umeongeza pande nne ambako bati hukutana na ukuta. Weka minara miwili na umetengeneza bonde katikati, ambako majani na vumbi la kiangazi hukaa yakisubiri mvua.

Bujora ni mfano wa kujivunia wa jengo lenye sura. Kituo hicho cha Kisesa, wilayani Magu, si mbali na Mwanza, kilianzishwa miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeipenda ngoma ya Wasukuma wakati ambapo wamisionari wengine waliipiga vita. Makumbusho yake yana banda la kifalme lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na kanisa la mviringo linalofuata nyumba ya msonge. Ni fikra kubwa: jengo lenyewe ni maonyesho. Lakini kiti cha enzi kilibuniwa kikaliwe, hakikubuniwa kimwage maji. Jengo la aina hiyo, popote lilipo duniani, linadai mlinzi wa paa aliye makini mara mbili kuliko jirani yake, na ndani yake kuna ngoma za ngozi, viti na vifaa vya utawala wa watemi ambavyo haviwezi kununuliwa tena kwa bei yoyote.

Msonge wenyewe, kwa upande mwingine, ulikuwa umelimaliza tatizo hili bila mhandisi. Paa lake ni kali, nyasi zinashuka kwa mwinamo ambao tone halipati nafasi ya kutulia, na kiungo ni kimoja tu, kilele. Upenu unashuka chini kiasi kwamba matone hayarukii ukuta wa udongo. Halafu kuna jambo ambalo wanaoiga msonge kwa ajili ya watalii husahau: moshi. Jiko lililowaka ndani kila jioni lilizikausha nyasi kwa chini na kuwafukuza mchwa na wadudu wengine. Nyumba ya maonyesho haipikiwi ndani. Nyasi zake hubaki na unyevu wa mvua iliyopita mpaka mvua inayofuata, zikaoza kutoka ndani, huku kwa nje zikionekana nzuri. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kando ya barabara ya Bagamoyo ili kuonyesha nyumba za makabila ya Tanzania, kinaishi na ukweli huo: kila nyumba ni kazi ya kuezeka upya isiyokwisha. Mgahawa wa nyasi wa Geita au Kahama uliopauliwa kwa mwinamo mdogo ili nyasi zitoshe una maisha mafupi zaidi, na mwenye nao angefanya vizuri kuwasha moto wa kuni humo, chini ya uangalizi, siku ambazo hakuna wateja.

Mfano mzito kuliko yote wa Kitanzania uko Unguja. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, ilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na katika karne hii ilikuwa makumbusho yaliyotembelewa na maelfu ya watu mbele ya Forodhani. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake kwa kawaida hubebwa na boriti za mikoko. Vitu hivyo vinaishi miaka mingi sana vikiwa vikavu. Paa likivuja, maji hayaonekani upesi: ukuta mnene huyanywa, hubaki na unyevu ndani, na mwisho wa boriti uliozama ukutani huoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Sakafu huonekana nzima mpaka siku inapoanguka. Mwaka 2012 sehemu ya jengo la Beit el Ajaib ilidondoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha.

Jengo kubwa la aina hiyo haliangushwi na tundu moja la paa, na haifai kumtwisha fundi mmoja au mwaka mmoja mzigo wa miaka zaidi ya 130. Lakini mfuatano wake unafahamika kwa kila anayeshughulika na majengo ya zamani. Miaka ya kuahirisha huonekana kama akiba, kwa sababu jengo halilalamiki. Kisha gharama yote inadaiwa kwa siku moja, na safari hii haidaiwi kwa fedha tu.

Shinyanga nayo ina tarehe yake ya huzuni. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa yenye mawe ya barafu na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata wilayani Kahama. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakifunikwa na nyumba zao za tofali za udongo. Mwakata hapakuwa mahali pa burudani, ila kuta zake zilikuwa za tofali lilelile linalojenga vibanda umiza na kumbi ndogo kando ya barabara zote za ukanda huu. Tofali la udongo lisilochomwa hubeba paa vizuri likiwa kavu. Likilowa huwa tope lenye umbo la tofali. Tofauti kati ya nyumba na kibanda umiza ni kwamba ndani ya kibanda kunaweza kuwa na vijana mia moja wanaotazama fainali, mlango ni mmoja, na bati likipiga kelele za mvua hakuna atakayesikia ukuta ukilia. Hapa uchambuzi wa mivujo unaacha kuwa habari ya dari zilizochafuka. Upenu wa sentimita 60 hadi 90, msingi wa mawe au tofali za kuchoma ulioinuliwa juu ya mrusho wa matone, na mlango wa pili: kwa jengo la kukusanya watu, hivi ni vitu vya chini kabisa vya kudai.

Umeme ndio hatari ya pili. Maji yaliyokusanyika juu ya dari ya jipsamu hutafuta tundu, na tundu lililo tayari ni lile la taa. Katika viwanja vya watoto, feni inayojaza upepo nyumba ya kurukia mara nyingi huchomekwa kwenye kebo iliyolazwa juu ya nyasi. Kifaa cha kukata umeme unapovuja kwenda ardhini kinauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, na kiwanja chochote kinachochukua fedha za watoto bila kuwa nacho kinacheza na maisha. Utaratibu wa kwanza paa likivuja ni kuzima saketi ya chumba hicho. Ndoo na mabeseni huja baadaye.

Yapo pia maji yasiyotoka juu. Mahali pa burudani hupenda bwawa, iwe la samaki, la mitumbwi au la kuogelea, na bwawa lina kingo. Wakazi wa Kishapu hawahitaji kuelezwa maana yake: tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilibomoka na kufunika nyumba na mashamba katika vijiji vya Ng'wang'holo na Nyenze. Hakuna aliyekufa, lakini familia zilipoteza makazi. Bwawa la bustani ni dogo mara nyingi kuliko lile, ila swali la kuuliza ni lilelile: mvua ikilijaza kupita kiasi, maji ya ziada yatatokea wapi, na nani anaishi upande huo?

Dunia ya bustani kubwa za burudani imelijibu swali hilo kwa njia mbili zinazopingana, zote mbili nchini Marekani. Walt Disney World ilijengwa Florida katika ardhi ya kinamasi. Wahandisi wake walichimba mifereji kwanza, yenye milango inayopanda na kushuka yenyewe kwa nguvu ya maji, bila mtu na bila umeme. Kisha, kwa kuwa maji ya ardhini yalikuwa karibu mno, njia za wafanyakazi chini ya Magic Kingdom, iliyofunguliwa Oktoba 1971, hazikuchimbwa: zilijengwa juu ya ardhi, na udongo uliotolewa katika kuchimba ziwa la mbele ukarundikwa kuzizunguka. Mgeni anayetembea bustanini, juu ya njia hizo, anadhani yuko ardhini, kumbe yuko ghorofa ya pili.

New Orleans ilijibu vingine. Bustani iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa jina la Jazzland, baadaye Six Flags New Orleans, ilikaa katika eneo la chini lililozungushiwa tuta. Kimbunga Katrina kilipopiga tarehe 29 Agosti 2005, tuta lililokusudiwa kuzuia maji yasiingie likayazuia yasitoke, na bustani ikakaa ndani ya maji ya chumvichumvi kwa wiki kadhaa. Haikufunguliwa tena, na ubomoaji ulianza 2024. Kati ya mitambo yake mikubwa, mmoja ulihamishwa San Antonio, Texas, ukarekebishwa na kuanza kazi tena mwaka 2008. Uliokolewa na jambo moja: ulikuwa umejengwa juu ya jukwaa lililoinuliwa.

Turudi Didia, kwenye karatasi. Mkataba wa ujenzi huwa na kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho mkandarasi anawajibika kurudi kurekebisha kwa gharama yake. Tuchukue ukumbi uliokabidhiwa mwisho wa Aprili kwa uangalizi wa miezi 6. Kipindi hicho kinamalizika mwisho wa Oktoba. Paa limekabidhiwa, limekaguliwa, limelipiwa mpaka shilingi ya mwisho iliyozuiliwa, na huenda halijapigwa na dhoruba hata moja. Mvujo wa kwanza utakuwa wa mwenye ukumbi peke yake. Hakuna udanganyifu wowote hapo. Ni kalenda ya mikataba iliyoandikwa bila kutazama dirishani. Mwenye kujenga Shinyanga adai miezi 12, au adai kwamba siku zihesabiwe kuanzia mvua ya kwanza, na kabla ya kusaini makabidhiano yapitishwe maji ya mpira juu ya paa lote, mashahidi wakiwa darini.

Kalenda ya fedha nayo imepinda. Mapato ya sherehe za kiangazi huja Juni mpaka Agosti, na huo ndio wakati paa ni kavu, fundi anapatikana, na mbao hazijalowa. Lakini ndio wakati hakuna anayekumbuka kuvuja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli mwezi Agosti, na kati ya tangazo hilo na mvua za kwanza za Didia huwa kuna wiki sita, nane, pengine kumi. Hizo ndizo wiki za kazi: kufagia mifereji ya bati, kutoa viota vya ndege, kubadilisha misumari iliyolegea kwa skrubu zenye raba mpya, kukaza kofia, kuzibua mitaro ya nje. Orodha hiyo ni fupi na haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Inahitaji mtu mmoja mwenye jina, ngazi, na sehemu ya kila kiingilio iliyotengwa kabla fedha haijaingia kwenye matumizi mengine. Mahali pengi pana meneja, mlinzi na mhasibu, lakini ukiuliza paa ni la nani utaoneshwa simu ya fundi aliyehamia Kahama.

Maji yakishaingia, saa zinahesabika. Kuvu huanza kushika kati ya saa 24 na 48. Madirisha yafunguliwe mvua inapokatika, mazulia na vitambaa vitolewe nje, dari iliyoshiba maji itobolewe kwa makusudi kabla haijaanguka yenyewe. Vitu vya makumbusho vina adabu yake: ngoma iliyolowa haianikwi juani, maana ngozi hukaza haraka kuliko mti na kupasuka, huwekwa kivulini penye upepo, ikageuzwa. Picha zilizoshikana hazitenganishwi kwa nguvu. Haya yanafaa kuandikwa na kubandikwa mlangoni, kwa sababu dhoruba huja usiku na mlinzi wa usiku ndiye atakayekuwepo.

Kuna upande mwingine wa mvua hii ambao watu wa Shinyanga wanaufahamu kuliko yeyote. Mkoa huu ulilazimika kusubiri bomba refu kutoka Ihelele, Ziwa Viktoria, ili miji yake ipate maji ya uhakika. Maji yanayoharibu dari mwezi Machi ndiyo yanayotafutwa kwa baiskeli na madumu mwezi Septemba katika vijiji ambavyo bomba halijafika. Paa la mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 10 tu, hutoa lita 2,000: mapipa kumi. Kwa mwaka wa milimita 700, hata baada ya kupoteza sehemu ya tano njiani, ni zaidi ya lita 110,000, za kusafishia vyoo, kumwagilia miti ya kivuli, kuoshea mikono ya watoto wanaotoka kwenye bembea. Mfereji wa bati uliofungwa vizuri na tangi lililokaa juu ya zege hufanya kazi mbili kwa gharama moja, maana maji yaliyo ndani ya tangi hayapo kwenye msingi. Na tangi likianza kujaa polepole kuliko mwaka uliopita kwa mvua ileile, mwenye ukumbi ajue kwamba maji yamepata njia nyingine, na apande na chaki kabla ya dhoruba inayofuata.